Mikoko tuliyopanda imekufa mara mbili. Tupande tena au tudai ukuta?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama na vijana huku Kisauni, Mombasa, mtaa ulio ukingoni mwa hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia bara. Bamvua likiingia, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hasa msimu wa mvua, maji yanafika barazani, na nyumba za mbele yanaingia hadi vyumbani. Tulipanda miche 2,000 ya mikoko, ikafa. Mwaka uliofuata tukapanda 3,000, iliyo hai leo haifiki mia. Sasa kuna kampuni imetuahidi miche 10,000, wanataka siku moja ya kupanda na kupiga picha. Wazee wetu wanasema mikoko ni kupoteza wakati, tudai ukuta wa saruji. Tushike lipi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na kampuni, kwa sababu hilo lina tarehe na mengine yanaweza kungoja. Miche 10,000 msiipokee kwa sasa. Watu hao msiwafukuze, pesa yao ina kazi, na nitafika hapo. Lakini miche elfu kumi ikiingia kwenye tope lile lile lililoua elfu tano, mtakuwa mmezika elfu kumi na tano, na mara ya nne hutampata mama hata mmoja wa mtaa atakayekubali kuvua viatu aingie topeni.

Kuna swali moja ambalo sikuliona kwenye barua yako, na mimi mwenyewe nilikaa miaka bila kuliuliza: kwa nini hapo penu hapana mikoko?

Mkoko hauhitaji mtu wa kuupanda. Ule tunaouita mkoko hasa, wenye miguu mingi iliyopinda kama wa kutembea juu ya maji, mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mama yake. Inaning'inia kijani, ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, mpaka shingo yake inapogeuka manjano. Hapo imeiva. Inaachia, inachoma tope papo hapo au inachukuliwa na maji, na inaweza kuelea kwa wiki nyingi kisha ikatia mizizi mbali na ilikozaliwa. Mbegu za mchu, aina nyingine ya mikoko, ni bapa kama harage kubwa, nazo husafiri kwa maelfu. Sasa kama ng'ambo ya hori mnaiona mikoko hai, na penu pamebaki wazi miaka nenda miaka rudi, jueni mbegu zimepita hapo mara nyingi sana. Zilifika zikakataliwa. Na kitu kilichoikataa mbegu iliyoletwa na bahari yenyewe kitaukataa pia mche uliotoka kitaluni kwa gari.

Kazi yangu ya kwanza ya upandaji tulichagua uwanda wa tope mbele ya msitu, upande wa maji. Tuliupenda kwa kuwa ulikuwa mtupu, hauna mwenyewe, hauna mgomvi. Kwa miezi kadhaa miche ilisimama vizuri na sisi tukaandika ripoti nzuri. Kisha kusi, upepo mkali wa kusini, likashika. Niliporudi, maji yametoka, nikakuta vijiti. Nikakwaruza ganda la kimoja kwa ukucha nikitafuta ukijani, nikaona kahawia. Nikaenda cha pili, cha tatu, cha kumi, mwisho nikaacha kukwaruza. Vile vijiti vilikuwa vimevaa magamba ya wale wadudu wa baharini wanaong'ang'ania mawe na matako ya ngalawa, mazito hata mashina mengine yamelala. Magamba hayo yalikuwa yanatueleza habari tangu mwezi wa kwanza, maana viumbe hao hustawi mahali panapokaa chini ya maji kwa saa nyingi. Tulikuwa tumepanda chini mno. Mche wa mkoko unapumua, na ukizamishwa mchana na usiku unakufa kama kitu kingine chochote kinachopumua.

Usidhani ni ujinga wa kikundi chenu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, fedha nyingi ziliingia Sri Lanka za kupanda mikoko ili ikinge vijiji vya pwani. Watafiti walipokwenda baadaye kukagua maeneo 23 yaliyopandwa, katika maeneo 9 hawakukuta hata mche mmoja ulio hai, na kati ya hekta zaidi ya 1,000 zilizopandwa, zilizofaulu zilikuwa 200 na kidogo. Ufilipino wamepanda kwa miongo mingi kuliko sisi, na tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kwamba inayodumu ni kama asilimia 10 hadi 20 tu. Sababu kubwa ni ile ile niliyoiona mimi, kwamba aina ya mti inayoshikika kwa urahisi hupandwa kwenye tope la chini lisilogombaniwa na mtu. Na kule Hollywood, jimbo la Florida, Marekani, mwanaikolojia Robin Lewis alishika njia nyingine kwenye eneo la West Lake kuanzia 1986. Waliondoa udongo uliojazwa pale zamani, wakarudisha kimo cha ardhi, wakafungua mikondo ili maji yaingie na kutoka, kisha wakaiachia bahari ilete mbegu. Ilileta. Msitu ule ni mamia ya hekta, na mikoko yake haikupandwa kwa mkono.

Kwa hiyo pimeni kimo kwanza. Hakuna haja ya mtaalamu wa gharama. Mtafuteni fundi wa ujenzi mwenye ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wanaoujaza maji kusawazisha msingi wa nyumba. Siku za bamvua bahari ya Mombasa hupwa kama saa nne hadi saa tano asubuhi, na hapo mna muda wa kutosha. Mmoja asimamishe fimbo penye mkoko ulio hai, ule ulio mbele kabisa kuelekea majini. Mwingine asimamishe fimbo palipofia miche yenu. Mpira ukisawazisha, tieni alama kwenye fimbo zote mbili, halafu pimeni kutoka kwenye alama hadi topeni. Kwa kawaida mikoko huishi nusu ya juu ya mwendo wa maji, kuanzia usawa wa wastani wa bahari hadi pale bamvua kubwa linapokomea. Kwetu bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, basi shubiri moja tu ya kwenda chini inaongeza karibu saa nzima ya kuzama kila siku. Mkikuta penu pako chini ya mizizi ya mikoko hai kwa shubiri moja au mbili, mmepata muuaji wa miche elfu tano, na mtagundua hakuna haja ya kulaumiana kwenye kikundi kwamba fulani hakumwagilia au fulani alipanda vibaya.

Ikiwa kimo ni sawa, chimbueni miche michache iliyokufa, kwa mikono, polepole. Nimewahi kuchimbua mche nikakuta mfuko wa plastiki wa kitaluni bado umeufunga mzizi kama soksi, kwa sababu siku ya kupanda watu walikuwa wengi na haraka ilikuwa kubwa. Nimekuta pia mche uliopandwa vizuri ukafunikwa na mchanga mpya kiasi cha kiganja. Tazameni rangi ya tope. Likiwa jeusi linanuka yai viza, na juu yake pana maji yaliyotuama hayatoki hata maji yakipwa, basi njia ya maji imezibwa mahali. Mara nyingi ni kalavati lililojaa taka, au kifusi alichomwaga mtu akitengeneza kiwanja.

Hori yenu nayo ina historia, wala si ya zamani. Kati ya 1992 na 2009 hori ya Tudor ilipoteza asilimia 86.9 ya mikoko yake, na jirani yake Mwache asilimia 45.4. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo kutoka bara ukatua kwenye hori za Mombasa na kuifukia mizizi ya kupumulia, ile inayochomoza topeni kama penseli. Lakini mvua haikufanya yote. Tulikata. Kuni za mikate, kuni za kuchemshia pombe, fito na pau na mazio na boriti za nyumba, hayo yote yalitoka humo. Na kuna jambo wakataji wengi hawalijui. Mchu ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki, na mlilana vilevile, lakini mkoko wenyewe ukikatwa shina umekufa, hauchipui. Kijana anayekata mkoko akidhani utarudi kama mwarobaini anakata mara ya mwisho. Mwambieni hivyo bila ukali, kwa sababu wengi wakilijua wanabadilisha mti wanaokata, na wachache wanaacha kabisa.

Jambo la aina mumelipita kwenye barua, mmesema "mikoko" tu, nami nadhani mlipanda mkoko mtupu, kwa sababu mbegu yake ni rahisi kuokota na kuchomeka. Pwani yetu kila mti una mahali pake. Mlilana husimama mbele, unavumilia kuzama kuliko wote. Nyuma yake ni mkoko. Kisha muia, ambao upande wa Tanzania wengi wanauita msinzi, kisha mkandaa kwenye tope gumu. Mchu utaukuta nyuma kabisa karibu na nyumba penye chumvi kali, na pengine utaukuta mbele pia. Mkomafi hutaka maji baridi yanayotoka bara. Tembeeni ng'ambo pale msitu uliposimama, mkatazame nani anakaa wapi, mwandike kwenye daftari. Nendeni na mvuvi wa kaa koko au mama anayeokota tondo. Watu hao wanajua kimo cha tope kwa nyayo zao kuliko mimi kwa vifaa vyangu, na huwa hawaulizwi.

Sasa nije kwenye maji yanayoingia nyumbani, ndiyo shida yenyewe.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wanaofanya kazi yangu huwa wanalipitisha haraka. Mkoko hauzuii bahari kujaa. Bamvua likija, maji yanapanda ndani ya msitu sawasawa na nje ya msitu. Anachofanya mkoko ni kulivunja wimbi, kuishika kingo isilike, na kulituliza tope lishuke chini badala ya kwenda na maji. Vipimo vya nchi mbalimbali vinaonyesha mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13 hadi 66, kutegemea unene wa mizizi na kina cha maji. Maji yanayosukumwa na dhoruba kubwa hupungua sentimita 5 hadi 50 kwa kila kilomita nzima ya msitu. Kilomita nzima. Ninyi mna ukanda wa mita ishirini, labda thelathini, kati ya nyumba na mkondo. Ukanda huo ukiwa msitu mnene utaizuia kingo yenu isimegeke, utayavunja mawimbi ya upepo na ya boti, na utawapa kaa na kamba. Vyumba kuwa vikavu siku ya bamvua kubwa hilo hautawapa peke yake, na yeyote anayewaahidi hivyo kwenye siku ya picha anawadanganya.

Basi maji ya vyumbani yanatoka wapi? Chukueni daftari lingine. Kila maji yanapoingia, andikeni tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha. Wanaofuata mwezi wa Kiislamu tayari wanajua bamvua huangukia mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwetu maji ya bamvua hufika juu kabisa kama saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Kama maji yanaingia saa hizo hata jua likiwa kali, hiyo ni bahari. Kama yanaingia saa nane mchana baada ya mvua, na bahari iko chini, basi hayo yanatoka mjini, yanateremka kutoka barabarani na mabatini yakikosa mtaro. Mimi nadhani mtakuta mchanganyiko, nao ndio mbaya zaidi. Bamvua kubwa kuliko yote ya mwaka huja karibu na Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba. La kwanza linakutana na masika. Mtaro unateremsha maji ya mvua, unafika horini unakuta bahari imejaa mdomoni, maji hayana pa kwenda, yanarudi kwenu. Katika hali hiyo mtaa unaweza kupanda mikoko mpaka katikati ya hori na bado mkalala juu ya meza.

Wazee wenu kwa hiyo hawakosei wanaposema mikoko peke yake haitoshi. Ila ukuta nao niuseme. Kuna mahali ukuta unafaa. Penye fukwe zilizo wazi, zinazopigwa na mawimbi ya bahari kuu, mikoko haioti hata ukiibembeleza. Dar es Salaam walijenga ukuta kando ya Barabara ya Barack Obama kwa sababu hiyo, na hakuna mtu mwenye akili atakayesema wangepanda mikoko pale. Horini kwenu ni jambo jingine. Ukuta ukisimama kati ya nyumba na maji bila mlango wa kutolea maji ya mvua unageuka bakuli, na ninyi ndio mlio ndani ya bakuli. Mawimbi yakiupiga hurudi na nguvu, yanachimba tope la mbele, yanang'oa hata mikoko iliyobaki. Na bahari yenyewe inapanda, duniani kote ni kama milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018. Mkoko wenye nafasi nyuma yake husogea juu polepole, kizazi hadi kizazi, na tope linaloshikwa na mizizi huinua sakafu yake. Mkoko uliobanwa na ukuta mgongoni hauna pa kusogea.

Mji wa Beira, Msumbiji, nautazama sana kwa jambo hili. Mto Chiveve unaopita katikati ya mji ulikuwa umeziba kwa udongo na taka, na mitaa inayouzunguka ilikuwa inafurika. Kabla ya kimbunga Idai cha Machi 2019 walikuwa wameuchimbua mto, wakaweka mlango wa kudhibiti maji ya bahari pale mto unapoingia bandarini, na mikoko ikarudi kwenye kingo. Idai iliezua mapaa ya mji mzima, na mkoko wa mtoni hauna la kufanya kwa upepo wa namna ile. Lakini tazama walikoanzia. Walianzia kwenye njia ya maji, miti ikafuata.

Ninyi hamna fedha za Beira. Mna kalavati moja au mawili, mna mtaro unaoishia horini, na mna kampuni inayotaka picha. Waambieni kampuni hivi: karibuni, lakini fedha za miche 10,000 tuzigawe upya. Sehemu ya kwanza iende kwenye kuzibua kalavati na mtaro, na wavu wa kunasa taka mdomoni mwake. Taka, binti yangu, zinaua miche kuliko mbuzi. Bamvua moja linaleta chupa na mifuko, inajiviringisha kwenye mche mchanga, maji yakitoka inauvuta ulale. Nimewahi kuutoa mfuko wa chumvi wa kilo ishirini na tano kwenye kimche kisichofika gotini, na shina lilikuwa limechubuka pande zote kama mguu wa punda aliyefungwa kamba fupi. Sehemu ya pili iwe posho ya watu wanne au watano wa mtaani, kwa miaka mitatu, wa kutoa taka baada ya kila bamvua, kuhesabu iliyo hai na kuzungumza na wakataji. Sehemu ya tatu, ndogo kuliko zote, ndiyo ya miche, labda 500, ya aina ambazo daftari lenu la ng'ambo litakuwa limezitaja, na ipandwe penye kimo mlichopima. Na mkataba uandike idadi ya miti hai mwaka wa tatu. Idadi ya miche iliyochomekwa siku ya kwanza haina maana.

Picha wataipata. Wapigie mahali pamoja, penye kigingi mlichochimbia wenyewe, kila baada ya miezi sita, kamera ikielekea upande ule ule. Nimeona makampuni yakiipenda hiyo kuliko picha ya wafanyakazi waliovaa fulana mpya wakiwa na tope magotini, kwa sababu baada ya miaka miwili ina cha kuonyesha. Wakikataa kabisa na kushikilia siku moja na miche elfu kumi, waacheni waende. Najua ni vigumu kukataa mkono unaotoa. Lakini mama wa kikundi chenu wamepanda mara mbili bila malipo, na nguvu yao ndiyo mali yenu ya kwanza.

Kabla ya kugusa chochote, nendeni KFS, shirika la serikali la misitu ya Kenya. Misitu ya mikoko Kenya ni ya serikali tangu ilipotangazwa hifadhi mwaka 1932, hata ile iliyo nyuma ya jiko lako. Hamruhusiwi kuchimba mkondo wala kuondoa udongo bila wao, na ni vizuri hivyo, maana kibali hicho hicho ndicho kitakachowalinda siku mtu atakapokuja na karatasi akidai tope lile ni kiwanja chake. Jiungeni na chama cha misitu cha jamii kilicho karibu nanyi, au mkianzishe, na mkae na BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, kabla ya kupanda mahali wanapoegesha mitumbwi. Mche uliopandwa kwenye diko la mtu hung'olewa usiku, na mng'oaji ana haki yake.

Mtasikia pia habari za kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo msitu unaihifadhi. Gazi na Makongeni, kule Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa tangu miaka ya 2013 na 2014, kama tani 3,000 kwa mwaka, na fedha zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Ni kazi ya kujivunia na mimi najivunia. Lakini wao wana hekta 117, nyingi zikiwa msitu uliokuwepo tayari, na nyuma yao kuna utafiti na upandaji ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vanga wana hekta 460. Ukanda wenu hautafika hekta hata chache. Mtu akija na mkataba wa kaboni msitie sahihi. Nileteeni nikausome.

Jambo la afya nalo nisilisahau. Maji machafu ya mji yanaingia hori ya Tudor bila kusafishwa. Mikoko hailalamiki sana, mingine hunenepa kwa mbolea hiyo, lakini ninyi si mikoko. Vaeni buti, vaeni glavu, wenye vidonda wabaki juu, na watoto msiwaingize topeni kwa ajili ya picha. Chupa zilizovunjika humo ni nyingi.

Mkipanda, pandeni siku za maji mafu, bahari ikiwa imetulia, ili mche upate siku kadhaa za kushika kabla bamvua halijaja kuutikisa. Mbegu ya mkoko isiyogeuka manjano shingoni iacheni mtini. Chomekeni theluthi moja tu, ncha chini, na msikanyage kandokando kuikaza, tope litaifunga lenyewe. Mkiona kaa wanazikata mbegu changa, tumieni miche iliyokwisha kutoa majani. Na palipo na miche inayojiotea, hata mitatu tu, msiipandie mingine juu yake. Hiyo mitatu ni ushahidi kwamba mahali hapo panakubali, izungushieni fito mbili tatu isikanyagwe, na mngoje.

Huenda mkagundua hamhitaji kupanda kabisa. Imewahi kunitokea. Tulizibua mkondo uliokuwa umezibwa na kifusi, upana wake kama mlango wa nyumba, tukaondoka tukiwa na nia ya kurudi na miche mvua zikikatika. Tuliporudi, kando ya ule mkondo kulikuwa na michu midogo imejipanga, majani mawili mawili, mingi kiasi kwamba hatukujua pa kuweka mguu.

Bamvua linalokuja, pimeni kimo na mkague kalavati. Kisha niandikieni mambo mawili tu: tofauti ya kimo kwa sentimita, na daftari la maji ya vyumbani la mwezi mmoja. Nikiyaona hayo nitakuja mwenyewe siku ya maji kupwa, tuingie topeni pamoja na wale wazee wanaotaka ukuta, kwa sababu mlango wa mtaro utahitaji kujengwa kwa saruji na wao ndio watakaojua uwekwe wapi.